Uji kwa Mkono wa Kushoto

Tulimzika Mama Kilonzo Jumamosi iliyopita, huko Kasikeu, kwenye shamba lililo chini kidogo ya barabara. Baada ya mazishi tuliketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukala wali na ndengu, na watu ambao sikuwa nimekutana nao kwa miaka mingi wakaja mmoja mmoja kunishika mkono na kunitajia majina yao kabla sijauliza, kwa sababu wanaonijua wanajua. Mmoja wao akasema milima haikutani ila binadamu hukutana. Nikamwambia kwamba mimi na marehemu tulitumia karibu mwaka mzima kujaribu kukutanisha kilima kimoja na picha yake ya zamani, na kilikaribia kutushinda. Kilonzo, mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kitambi na watoto, akavuta kiti karibu yangu. "Auntie Mueni," akasema, "mum alikuwa anatuambia hajawahi gombana na mtu juu ya jiwe venye aligombana na wewe. Sikuwahi kuelewa hiyo story." Nikamweleza pale pale, sahani ikiwa mapajani, lakini maombi yalianza kabla sijafika mbali. Kwa hiyo naimalizia hapa.

Ya ukoo wangu nayaacha. Inatosha kusema natoka Kitui, na kwamba nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu sehemu ya katikati ya macho yangu ilikufa, ikaniachia kingo. Nikikutazama usoni naona masikio yako na mabega yako, lakini pua na mdomo vimefunikwa na ukungu. Ili nikuone lazima nitazame kando yako, na kwa sababu hiyo watu wa Sultan Hamud, mji mdogo nilikohamia kando ya Barabara ya Mombasa, waliamua mapema kwamba nina maringo. Daktari wa macho aliniambia kilichopotea hakitarudi na kilichobaki huenda kikabaki, na mimi nikashika hiyo "huenda" kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari na kamera ndogo ya dijitali niliyoinunua nikiwa bado naona vizuri. Kila mtu alidhani nitaiuza. Mimi niligundua kwamba picha za watu zimenishinda kabisa, lakini kilima hakinishindi, kwa sababu kilima uzuri wake uko kwenye ukingo. Mstari ule mweusi unaogawa ardhi na mbingu naweza kuufuata kwa kona ya jicho kama unavyofuata pindo la leso kwa kidole.

Nilipanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Kilonzo, na kodi niliilipa kwa kukanda unga wa chapati alfajiri na kuosha masufuria jioni. Kati yangu na meza za wateja palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo mazungumzo ya Barabara ya Mombasa yote yalipita kitandani kwangu: bei ya mbuzi, breki za malori, mchungaji gani amehama na kwaya ya nani. Siku moja nilimsikia dereva akisema, "Kipofu na kamera ni kama kiziwi na redio." Wenzake wakacheka. Nikajibu kupitia ukutani, "Na wewe mwenye macho mawili umepaki lori na gurudumu kwa mtaro, nimesikia likizama." Kiti kikasukumwa na viatu vikakimbia nje. Mama Kilonzo alicheka mpaka akaacha chapati moja iungue, na chapati yake kuungua ilikuwa jambo zito.

Yeye ndiye aliyekuwa macho yangu ya katikati. Alikuwa mwanamke mnene, mkubwa wangu kwa miaka mingi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya reli, na hakuwa na subira hata kidogo. Lakini ukimpa picha na kumwomba akusimulie, alikuwa anaanzia kona ya juu na kushuka bila kuruka kitu, huku akimhukumu kila aliyemo. "Huyu amevaa sweta na jua yote hiyo. Huyu hapa anajifanya anafanya kazi." Ndivyo nilivyozoea kusoma picha, kwa hukumu za Mama Kilonzo.

Kaka yangu Musyoka alikuja mwezi wa pili akakaa kwenye benchi la hoteli, akala muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akasubiri wateja wapungue. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pikapu, na mtu mwenye pikapu huamini kila shida inaweza kubebwa nyumbani. Aliniambia niache kuishi kwa watu, nirudi Kitui, kuna chumba, sitakosa chakula. Nilijua chumba anachosema. Kina dirisha moja linalotazama ghala, na ningekaa humo nikichambua maharagwe hadi nizeeke, nikiitwa "yule wa macho". Nikakataa. Akauliza nina nini hapa. Nikasema nina kamera. Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sawa. Nionyeshe picha moja tu, moja, imewekwa kwa ukuta na mtu mwenye hakuhurumii. Nikija December kama hakuna, unapanda gari." Tukapeana mikono. Mama Kilonzo akiwa shahidi akasema, "Na asiyetimiza aoshe masufuria yangu."

Wakati huo sikujua nitapiga picha gani. Kazi ya kulinganisha zamani na sasa niliianza kwa mchezo. Tulikwenda Kitui na Mama Kilonzo tukiwa na postikadi kuukuu ya jiwe la Nzambani, nikaona jinsi ilivyo raha kusogea kushoto kidogo, kurudi nyuma kidogo, mpaka ulimwengu ukae pale ulipokuwa umekaa zamani. Mama Kilonzo alikataa kabisa kulizunguka lile jiwe, kwa kuwa wanasema ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamke anakuwa mwanamume. "Nikigeuka," alisema, "nani atapika chapati?" Nikamwambia mwanamume pia hupika. Akasema hajawahi kumwona.

Kisha habari ikafika hotelini kwamba kanisa moja la upande wa Kasikeu linaandaa siku ya shukrani na linataka fremu kubwa yenye picha mbili: ya zamani, na ya mahali pale pale leo. Picha ya zamani waliletewa na wajukuu wa wamisionari waliowahi kuishi huko. Ilionyesha wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, waliokuwa wakichimba matuta ya kwanza kwenye mteremko mkavu usio na hata kichaka. Nyuma yao kilikuwa kilima cha Kavumbu, na mbele yao jiwe kubwa lililopasuka. Walikuwa wamepumzika, wakinywa uji. Shida ilikuwa moja: kilima cha Kavumbu kina pande mbili, upande wa mashambani na upande wa sokoni, na kila upande ulidai kwamba matuta ya kwanza yalichimbwa kwake. Mzee Ndolo, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati, alikuwa wa mashambani. Mwanamke aliyekuwa mbele kabisa kwenye picha, akimpa bwana shamba kibuyu cha uji, alikuwa mama yake mzazi.

Nilikwenda kumwona Mzee Ndolo, nikamweleza ninavyofanya. Ukichukua kitu cha mbali na kitu cha karibu, kilele na jiwe kwa mfano, kuna mahali pamoja tu duniani ambapo jiwe linakaa chini ya kilele vile vile kama kwenye picha. Ukisimama hapo, umesimama pale aliposimama mpiga picha. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniuliza kwa upole kama si kweli kwamba macho yangu yana shida. Nikasema ni kweli. Akasema, "Basi jaribu, mwanangu. Ikikataa, kuna kijana wa studio."

Kwa Mama Hodan, jirani yetu aliyekuwa na duka la kopi na picha za pasipoti, nilitengenezewa kifaa changu. Mama Hodan alikuwa ametoka Garissa na watoto wake na mashine zake, na hakuna kitu kilichomshangaza. Aliipiga picha ya zamani skani, akaipunguza iwe saizi ya kioo cha kamera yangu, kisha Mama Kilonzo akachora mstari wa kilima na lile jiwe kwa kalamu nene nyeusi juu ya plastiki ya kufunikia vitambulisho. Nikabandika kile kiplastiki kwenye kioo. Kazi yangu ikawa kushika kamera karibu na uso, kutazama kando, na kutembea mpaka kilima halisi kiingie ndani ya kilima cha wino. Leo simu yangu inafanya hayo yenyewe na kunisemesha pia, lakini sioni kama inafanya vizuri zaidi.

Mara ya kwanza tulipanda upande wa mashambani, Mzee Ndolo akitutangulia kwa fimbo. Kilima cha Kavumbu kina umbo rahisi: upande mmoja kina bega linaloshuka polepole, upande mwingine kimekatika ghafla kama mkate. Kwenye plastiki yangu bega lilikuwa kushoto. Nilipoinua kamera, bega la kweli lilikuwa kulia. Nikasogea, nikashuka matuta, nikapanda matuta, mahindi ya watu yakinikwaruza mikono. Bega lilibaki kulia. Nikamwambia Mzee Ndolo kwamba si hapa. Akasema, bila ukali, jambo ambalo lisingeniuma sana kama angelisema kwa ukali: "Mama yangu alinionyesha hapa kwa kidole yake. Labda ni macho yako, mwanangu." Njia nzima ya kurudi niliyasikia maneno hayo. Sikuwa na uhakika kwamba anakosea, na mtu anayeona kwa kingo hujifunza kutojidanganya kuhusu katikati.

Tukaenda upande wa sokoni. Huko bega lilikuwa kushoto kama kwenye picha, na kilima kikaingia kwenye wino kwa wepisi. Watu wa huko walishangilia, maana kwao lilikuwa jambo la heshima kubwa. Lakini jiwe halikuwepo. Mzee mmoja akasema lilivunjwa kokoto zamani. Mwingine akasema halikuvunjwa, lilibingirika. Nikauliza liko wapi basi lilikobingirikia, wakaanza kubishana wenyewe. Hapo ndipo tulipogombana mimi na Mama Kilonzo, njia panda, mbele ya vijana wa bodaboda.

"Piga hii picha twende," alisema. "Mlima ni hiyo. Picha ni hiyo. Brother yako anakuja."

"Jiwe haiko."

"Jiwe, jiwe! Utaenda kuolewa na jiwe huko Kitui?"

"Mama Kilonzo, bila jiwe hii ni mlima tu. Kila mtu ako na mlima."

Hakunisemesha mpaka nyumbani. Nilijua ana haki. Novemba ilikuwa imeingia, mvua zilikuwa zimeanza, na kijana wa studio alikuwa ameshaitwa. Ningeweza kupiga ile picha na hakuna ambaye angejua. Ingetundikwa, Musyoka angeiona, ningebaki. Nilikaa kitandani nikilifikiria hilo, na niseme ukweli wangu, sikulifikiria kwa muda mrefu. Kama ningepiga picha ya uongo ili kuthibitisha kwamba naona, ningekuwa nimethibitisha nini?

Kesho yake, wateja wa mchana walipokwisha, Mama Kilonzo aliniletea bakuli la muthokoi jikoni, dalili ya amani. Nikamwomba anisimulie ile picha tena. Akasonya. "Mara ngapi?" Nikasema tuache kilima, anisimulie watu. Akafuta mikono, akaishika karibu na mlango penye mwanga, akaanza kona ya juu kama kawaida. Huyu amefunga mtoto mgongoni. Huyu ameegemea jembe, mvivu. Hawa wamekaa chini wanakunywa. Alipofika mbele akasema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa: "Na huyu, eti ndio mama ya Mzee Ndolo? Hana heshima. Anapatia bwana shamba uji na mkono ya kushoto."

Nikaweka kijiko chini. Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba mgeni hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Mtoto akifanya hivyo huambiwa arudi nacho aanze upya. Na mama yake Mzee Ndolo alikuwa na sifa hadi mji wa Kiboko. Walisema aliwahi kumrudisha mchungaji langoni kwa sababu alimsalimia akiwa ameketi juu ya baiskeli. "Na wale wengine," nikauliza, "wanakunywa na mkono gani?"

Akaisogeza picha karibu na macho. Nilisikia kidole chake kikigonga karatasi, mtu kwa mtu. "Kushoto," akasema. "Huyu kushoto. Na huyu. Mueni, hawa wote ni mashoto? Mwethya mzima?"

Tulitoka na aproni zetu tukavuka hadi kwa Mama Hodan. Alitusikiliza huku akimkatia mteja picha za pasipoti, na hakuinua hata kichwa. "Ilikuwa slaidi ya zamani, hiyo filamu ndogo?" akauliza. "Slaidi iko na mbele na nyuma. Ukiweka kinyume, inatoka kinyume. Mimi nilifanyia bwana harusi hivyo, pete ikahama mkono, bibi akalia." Akamalizana na mteja wake, akafungua ile skani kwenye kompyuta, akabonyeza kitu kimoja. Mama Kilonzo akasoma kwa sauti: mama yake Mzee Ndolo anatoa uji kwa mkono wa kulia. Wanawake wote wanakunywa kwa mkono wa kulia. Na bega la Kavumbu liko kulia. Wale waliokuwa na macho mazuri walikuwa wameitazama ile picha kwa miezi na kuona kilima, kwa kuwa kilima ndicho walichokuwa wanakigombania. Mimi nilihitaji kusimuliwa, na Mama Kilonzo hakujua kusimulia bila kulaumu watu. Bila tabia hiyo yake mbaya leo ningekuwa Kitui.

Tukachora plastiki mpya. Tukapanda tena upande wa mashambani asubuhi baada ya mvua, ardhi ikitoa ile harufu yake, na Mzee Ndolo akatufuata. Nilipomwambia kuhusu mkono wa mama yake alisimama akatoa kofia. "Nilikuwa naona," akasema. "Kila siku naona, na ninaogopa kusema. Nilifikiri labda alikuwa amechoka." Nikajua basi kwamba mzee huyu alikuwa amebeba aibu ndogo kwa niaba ya mama yake, peke yake, tangu ile picha ifike.

Kilima kiliingia kwenye wino. Nikabaki kutafuta jiwe. Nilisogea kulia, tuta kwa tuta, mpaka Mama Kilonzo aliyekuwa mbele akajikwaa ndani ya kichaka cha lantana na kusema neno ambalo mwanamke wa kanisa halisemi. Mzee Ndolo akafyeka. Lilikuwa pale, limezikwa nusu na udongo ambao matuta yalikuwa yameuzuia miaka yote ile, na ule mpasuko ulikuwa wazi kiasi cha kuingiza mkono. Nikaingiza wangu. Halafu nikarudi nyuma hatua kwa hatua, kamera kwenye shavu, macho yakitazama kando, hadi jiwe lilipokaa chini ya bega na bega likakaa juu ya jiwe, na hakukuwa na upenyo wa mwanga kati ya wino na ardhi. Sikumwuliza mtu yeyote kama niko sawa. Nilijua. Nilibonyeza. Mwaka huo wote watu walikuwa wameniambia ninachoweza na nisichoweza kuona, na kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu pekee Makueni nzima aliyesimama mahali hasa.

Musyoka alifika asubuhi ya siku ya shukrani, mapema kuliko tulivyomtarajia. Mahali palipopauka kwenye picha ya zamani sasa palikuwa na matuta ya mahindi na mipapai, na fremu ilikuwa tayari ukutani kanisani, lakini yeye hakuwa ameiona wala hakuuliza. Alipakia godoro langu, kitanda, sufuria na jiko, akafunga kamba, akasema tutapitia hiyo ibada yenu kisha twende. Sikubishana. Ibada ilipokwisha watu walijazana ukutani. Wanawake wazee waligusa kioo wakitafuta mashamba yao, na watu wa sokoni waliokuja kupinga wakaanza kuhesabu shangazi zao kwenye picha, maana mwethya ulikuwa wa pande zote mbili. Musyoka alisimama nyuma yao muda mrefu. Nilimwona kwa kona ya jicho, mabega yake tu, yametulia. Akamwuliza Mzee Ndolo nani aliipiga hii.

"Wewe ni mgeni?" Mzee Ndolo akasema. "Ni huyo dada. Alinikatalia mara ya kwanza, nikamkasirikia. Hata sikutaka kumpatia kazi tena."

Kaka yangu akatoka kuwasha gari. Tulirudi Sultan Hamud mimi na yeye na Mama Kilonzo tukiwa tumebanana mbele, vyombo vyangu vikigongana nyuma. Mbele ya hoteli alizima gari, akashuka, akafungua kamba. Alichukua godoro begani, akaingia nalo katika kile chumba cha mbao, akasimama katikati.

"Mueni," akaniita, "hii kitanda ilikuwa inakaa upande gani?"